Mashine ya Pili

Siku ya kwanza nilipopelekwa kwenye chumba cha seva cha ofisi yetu hapa Dodoma, nilidhani aliyenipeleka amekosea mlango. Kilikuwa chumba kidogo kisicho na dirisha, zamani stoo ya mafagio na ndoo, na harufu ya dawa ya sakafu ilikuwa bado imeng'ang'ania ukutani. Katikati palisimama kabati refu jeusi lenye kompyuta zinazounguruma, juu viyoyozi viwili, na pembeni kiti kimoja cha plastiki. Kwenye kiti hicho alikuwa amekaa mzee mwembamba mwenye kofia ya kufuma, anasoma karatasi ameishika mbali na macho. Nilimwamkia. Aliitika marahaba, akaniuliza natoka wapi.

"Mlali, mzee. Kule Kongwa."

"Mlali kwenye mahindi," akasema. "Basi hutapata shida humu. Nyumbani mnaweka akiba ya mahindi, humu tunaweka akiba ya barua."

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa Mrangi wa Kondoa, amebakiza miaka michache astaafu, na kwenye kitengo chetu cha kompyuta tulikuwa watatu tu: yeye, mimi, na mkuu wa kitengo, ambaye muda wake mwingi uliishia kwenye vikao. Ofisi yenyewe ilikusanya taarifa za mvua na mazao kutoka vijijini. Maafisa ugani walipiga picha madaftari ya mvua, wakatuma kwa barua pepe, na mtu wa takwimu akazijumlisha. Kwa hiyo barua pepe kwetu haikuwa mambo ya salamu na mialiko ya vikao. Ndiyo iliyobeba kazi yenyewe ya ofisi.

Barua hizo zilikaa kwenye kasha moja la diski, na kasha hilo lilihudumiwa na mashine mbili zilizounganishwa. Mashine ya kwanza ilifanya kazi, ya pili ikasubiri. Ya kwanza ikianguka, ya pili ilishika kazi ndani ya dakika moja au mbili, na aliyekuwa anaandika barua ofisini hata hakujua kuna kilichotokea. Mzee alizipenda zile mashine. Alizifuta vumbi mwenyewe kila Jumatatu, na vumbi la Dodoma mnalijua, linaingia hata kwenye kabati lililofungwa.

Kisha zikaja fedha za kununua programu mpya ya bakapu, yaani ya kutunza nakala. Programu hiyo ilikaa kwenye seva nyingine, lakini ili iweze kuzitambua barua ilihitaji kipande kidogo cha programu, plagini, kisimikwe ndani ya kila mashine. Neno lenyewe ni kila mashine. Palipokosa plagini, programu ilinakili mafaili ya kawaida ya mashine tu, ikaliacha ghala la barua kana kwamba halipo, halafu ikaandika kwamba kazi imekamilika. Mzee alinionyesha ukurasa wa maelekezo uliosema hivyo, akaupigia mstari kwa kalamu nyekundu, akanikabidhi.

"Hii utaifanya wewe," akasema. "Mimi macho yananisumbua, na wewe unatakiwa uzoee."

Tulipewa Jumamosi moja ya Novemba, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana, kwa sababu kila mashine ilitakiwa kuzimwa na kuwashwa upya, na mkuu wa kitengo hakutaka wafanyakazi wasumbuliwe. Kulikuwa na fomu. Fomu ilikuwa na visanduku viwili vya kuweka tiki, mashine ya kwanza na mashine ya pili, na chini mahali pa sahihi yangu.

Nilifika kabla ya muda. Mashine ya kwanza ilinitesa. Plagini iligoma kuingia mara mbili, ikidai ruhusa ambayo akaunti yangu haikuwa nayo, nikahangaika kuitafuta ruhusa hiyo mpaka jasho likanitoka ndani ya chumba chenye viyoyozi viwili. Ilipokubali ilikuwa saa tano imepita. Niliiwasha upya, nikajaribu nakala ya kwanza, barua zote zikaonekana. Nilifurahi sana. Ndipo simu yangu ikaita.

Alikuwa fundi wangu. Nilikuwa najenga kwenye kiwanja changu Msalato, nje kidogo ya mji, vyumba viwili na sebule, nyumba ya kwanza kwenye ukoo wetu kujengwa na mwanamke kwa mshahara wake mwenyewe. Siku hiyo walikuwa wanamwaga zege la lenta, ule mkanda wa juu ya milango na madirisha, na fundi alisema mashine ya zege imeshafika, nondo zimepungua, na nisipofika watamwaga hivyo hivyo. Nilitazama saa. Mashine ya pili ingechukua saa nzima, au mbili kama ingegoma kama mwenzake. Nilijiambia nitaimalizia Jumatatu. Na kwa kuwa fomu ilitakiwa iwe mezani kwa mkuu kabla ya Jumatatu asubuhi, nilitia tiki kwenye visanduku vyote viwili, nikasaini, nikaitelezesha chini ya mlango wake.

Nikaenda Msalato. Lenta ilimwagwa vizuri.

Jumatatu mzee aliniuliza, "Zote mbili?"

"Zote, mzee."

Mpaka leo sielewi kwa nini sikusema pale. Alikuwa mtu ambaye ningemwambia, "Mzee, moja bado," naye angesema tutafute muda. Lakini ili kuipata ile saa moja nilihitaji fomu nyingine, na fomu nyingine ingeonyesha kwamba ya kwanza ni ya uongo. Nikasubiri siku nzuri. Wiki ikapita, ikaja ya pili. Mashine ya kwanza ilikuwa inafanya kazi, nakala zinaingia kila siku, na kila asubuhi mzee alichapisha karatasi ya ripoti yenye alama ya kijani, akaisaini, akaifungia kwenye faili. Nilipoiona ile kijani kila siku, nami nikaanza kuamini kwamba hakuna shida. Kufikia Krismasi nilikuwa nimesahau kabisa. Ningependa kusema dhamira ilinisumbua miezi ile yote, lakini haikunisumbua hata kidogo.

Katikati ya Januari radi ilipiga, umeme ukakatika, jenereta ikachelewa. Mashine ya kwanza ilizimika, na ya pili ikashika kazi kama ilivyopangwa. Umeme uliporudi ya kwanza ikaamka salama, lakini kazi ikabaki kwa ya pili, na hakuna aliyeona haja ya kuirudisha. Kwa kuwa mambo yalikwenda, mzee aliandika kwenye daftari lake kwamba mashine ya pili ndiyo inayofanya kazi. Niliyasoma maneno hayo. Nilisimama nyuma yake na kikombe cha chai, nikayasoma, na hayakuniambia kitu.

Tangu siku hiyo hatukuwa tunatunza nakala ya barua hata moja. Ripoti ilikuja na kijani kila asubuhi. Kitu pekee kilichobadilika kilikuwa tarakimu moja kwenye ukurasa wa pili, ukubwa wa nakala, ambao ulikuwa umeshuka sana. Mzee alichapisha ukurasa wa kwanza tu.

Mwanzoni mwa Aprili, mchana wa siku ya kazi, kiyoyozi kimoja kikafa na cha pili kikazidiwa. Tulipofungua mlango wa chuma hewa iliyotoka ilikuwa kama ya tanuri. Diski mbili kwenye kasha zilikuwa zimekufa kwa pamoja, na kasha la namna ile huweza kuvumilia kifo cha diski moja tu. Barua za ofisi nzima zikawa hazipo.

"Tusihangaike," mzee akasema. "Nakala ipo ya jana."

Alikwenda ofisini kwake kuiita ile nakala. Mimi nikabaki chumbani. Na hapo, huku mkono wangu uko juu ya kasha la moto, ile Jumamosi ikanirudia yote.

Nilifungua mashine ya pili, nikatazama. Plagini haikuwepo. Nakumbuka nilivyoketi kwenye kiti cha plastiki cha mzee na kuvuta kibodi. Kwa kuwa huduma ilikuwa imeshakatika, hapakuwa na ruhusa ya kuomba wala mtu wa kusumbua. Nilisimika plagini. Safari hii haikugoma, maana ruhusa nilizozihangaikia Novemba zilikuwa tayari. Ilichukua dakika ishirini. Nikaiwasha upya, nikafunga dirisha la programu, nikafuta kiganja changu kwenye sketi.

Kuacha kazi nusu kunaweza kumtokea mtu yeyote, na kwa muda mrefu nilijitetea hivyo moyoni. Zile dakika ishirini hazina utetezi. Nilijua ninachofanya, na nilikuwa natega sikio mlangoni nisije nikafumaniwa.

Mzee alirudi uso umembadilika. Nakala ya jana haikuwa na barua. Ya juzi nayo hivyo. Alirudi nyuma siku moja moja, mpaka Januari. Wiki kumi na moja zilikuwa zimepotea, na zilikuwa wiki za masika yetu yote ya mwaka ule.

Kikaitishwa kikao cha kuchunguza. Waliitisha fomu yangu, wakaona tiki mbili na sahihi. Wakafungua mashine zote mbili, wakakuta plagini kwenye zote mbili. Hawakutazama imesimikwa tarehe gani. Ningeulizwa ningejibu nini, sijui. Sikuulizwa. Kisha wakafungua faili la mzee, wakakuta ripoti sabini na kitu za tangu Januari, kila moja na sahihi yake, na hakuna hata moja ambayo aliutazama ukurasa wa pili.

"Wewe ulikuwa unasaini nini?" mkuu wa kitengo alimuuliza mbele yetu.

Mzee alisema, "Kijani."

Mtu mmoja akacheka kidogo, kisha akajikohoza. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa pili wa meza. Nilikuwa nimeshika glasi ya maji, nikanywa ikaisha, nikaendelea kuishika.

Alipewa barua ya karipio kwa uzembe, na Juni akahamishiwa Chemba, kwenye ofisi ndogo yenye kompyuta mbili na printa moja. Siku ya kuondoka alinipa lile daftari lake na bisibisi zake. "Mwanangu," akasema, "angalia ukurasa wa pili. Mimi nimechoka kichwa." Nilizipokea kwa mikono miwili. Nikakaimu nafasi yake.

Aliyeumia zaidi na kupotea kwa barua alikuwa dada mmoja wa takwimu, ambaye mezani kwake ndiko picha za madaftari zilikokuwa zikifikia. Alikuwa mkubwa wangu kwa miaka michache, mcheshi, anayekula mlenda kila siku ya Mungu akautetea mbele ya watu wa pwani. Bila zile wiki kumi na moja taarifa yake ya msimu haikuwa na maana, na maafisa ugani walikuwa wameshazifuta picha kwenye simu zao. Akaamua kuzifuata vijijini, daftari kwa daftari, na kwa kuwa ofisi haikuwa na mtu wa kumpa, akawa anakwenda Jumamosi. Nikajitolea kumsaidia. Niliendesha gari, yeye akapiga picha, jioni tukarudi.

Tulianza na Kongwa. Mlali tulipata madaftari matatu kati ya manne. La nne lilikuwa la bibi aliyekuwa na kipimamvua uani kwake, ambaye kwa miaka mingi alisoma mvua kila asubuhi na kuandika kwa mwandiko mkubwa wa penseli. Bibi alikuwa amefariki Mei. Mwanawe alituambia vitu vya marehemu viligawanywa, na madaftari, kwa kuwa hakuna aliyeyajua, yaliwashiwa moto wa kupikia matanga. Alisema bila kujilaumu, na hakuwa na sababu ya kujilaumu. Dada wa takwimu akamshukuru, akaandika kwenye orodha yake: hakuna.

Kwenye gari alisema, "Yule bibi aliandika, picha ikatumwa, barua ikafika. Alifanya kazi yake yote. Sisi ndio tulioipoteza."

Nilibadilisha gia.

"Lakini wewe mdogo wangu una roho nzuri," akaongeza. "Kitengo chenu kizima, ni wewe tu uliyejali."

Nilikaza macho barabarani. Baada ya siku ile sikulala vizuri tena, na chakula kikaanza kunikinai. Nyumba ya Msalato ilikuwa imeshaezekwa, nikahamia, na nilikuwa siwezi kuinua macho nikatazama juu ya mlango bila kukumbuka zege lile lilimwagwa saa ngapi.

Septemba ikafika zamu ya Chemba. Nilijua tutamkuta. Njia nzima dada alizungumza, mimi nikaitikia bila kusikia. Tulipofika aliingia ofisi ya kilimo kuchukua madaftari, mimi nikavuka uwanja kwenda kwenye jengo la pili. Mzee alikuwa barazani, amefungua printa ameitandaza juu ya gazeti. Alikuwa amekonda. Alinitambua kwa sauti kabla hajaniona.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mama kule Mlali hajambo?"

"Hajambo." Nikakaa kwenye benchi. Akaagiza chai kwa mama aliyekuwa anauza pale nje, ikaja kwenye chupa, akanimiminia. Nikajua kwamba nikiinywa sitasema.

"Mzee, ile plagini. Kwenye mashine ya pili sikuiweka ile Jumamosi. Niliweka ya kwanza tu, nikatia tiki zote mbili."

Aliacha bisibisi. Akauliza kwa sauti ile ile aliyonifundishia kazi, "Mbona walipofungua ilikuwepo?"

"Niliiweka siku diski zilipokufa. Wewe ulipokwenda kutafuta nakala."

"Saa ngapi?"

"Saa tisa na kitu, alasiri."

"Kwenye kiti changu?"

"Ndiyo, mzee."

Alivua kofia, akaiweka gotini, akawa anaipapasa kwenye pindo. Nilishuka kwenye benchi nikataka kupiga magoti. Akasema, "Kaa. Watu wanatazama." Nikakaa.

"Mimi niliingia kwenye mashine ile kesho yake asubuhi, peke yangu," akasema. "Nikasema nitazame plagini. Nikaikuta ipo. Nikajiuliza, sasa kama ipo, barua zimeachwaje? Basi ni mimi. Kuna mahali nilibonyeza, nikaharibu, na sikumbuki. Nikaanza kujitafuta. Nimeweka wapi funguo, nimesema nini jana. Nilimwambia mke wangu, akili inaniacha kama ilivyomwacha baba. Akanipeleka hospitali Dodoma, wakanipima kichwa na macho. Pale mtaani kwetu mimi ndiye nilikuwa naandika nyakati za swala kwenye ubao wa msikiti. Nikaacha. Nikawaambia watafute mwingine, nisije nikawakosesha watu swala."

Sauti yake haikupanda wakati wowote. Angenitukana ningepata pa kushika.

"Nisamehe, mzee."

"Ukurasa wa pili sikuusoma," akasema. "Hilo ni langu, silikatai. Lakini ulinibebesha na la kwako." Akavaa kofia. "Mimi siwezi kukusamehe hapa barazani, wewe ukapanda gari ukaondoka mwepesi, barua yangu ya karipio ikabaki kwenye faili. Andika. Usiniandikie mimi. Waandikie walioniandikia."

"Nitaandika."

"Weka na tarehe ya kusimikwa. Imo ndani ya mashine, wataiona wakitaka." Kisha akaiinamia printa yake. Chai yangu ilikuwa bado imejaa.

Dada wa takwimu nilimwambia njiani, tulipokuwa tumepita nusu ya safari. Nilisimamisha gari pembeni ndipo nikasema. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza kitu kimoja tu, "Hata tulipokuwa kwa mtoto wa yule bibi, ulikuwa unajua?" Nikasema nilikuwa najua. Akafungua mlango, akazunguka mbele ya gari, akaniambia nihamie upande wa pili, ataendesha yeye. Tangu siku hiyo tunasalimiana, tunafanya kazi, akihitaji kitu ananiandikia. Jumamosi zake zilizobaki alikwenda na dereva wa ofisi.

Jumatatu nilipeleka barua yangu kwa mkuu wa kitengo, kurasa mbili, na karatasi ya tatu yenye tarehe na saa ya kusimikwa kama ilivyoandikwa ndani ya mashine. Aliisoma, akainuka akafunga mlango.

"Dada yangu, haya mambo yalishakwisha. Mzee ameshahama, amebakiza muda mfupi. Wewe unakaimu vizuri. Unayafukua ili iweje?"

"Ili faili lake lisafishwe."

"Unajua na mimi nilikuwa kwenye kikao kile."

"Najua, mkuu."

Akaisukuma barua kurudi upande wangu wa meza, akaniambia nikaifikirie mpaka kesho. Nilisema nimeifikiria tangu Aprili. Nilikuwa nimeshapeleka nakala masjala, imegongwa mhuri, na nilipomwambia hivyo akanitazama kwa muda kama mtu anayenifahamu kwa mara ya kwanza. Sikujisikia shujaa. Nilitaka tu itoke mikononi mwangu kabla sijapata nafasi ya kubadili nia, kwa kuwa nilishajua uwezo wangu wa kubadili nia.

Nilipewa onyo la maandishi na kuondolewa kwenye ukaimu. Kwa mwaka mzima sikuruhusiwa kuingia chumba cha seva. Nilizunguka ofisi kwa ofisi nabadilisha vipanya na kutoa karatasi zilizokwama kwenye printa, na wenzangu waliosikia waliacha kuongea nilipoingia, kisha wakazoea. Akaletwa kijana mwenye shahada kutoka chuo, mzuri kwa kazi yake. Nilimwandikia maelezo yote ya zile mashine mbili, na nikamwomba asiamini tiki yoyote yenye sahihi yangu mpaka aione mwenyewe. Alidhani natania.

Taarifa ya msimu ilitoka na mapengo. Kwenye jedwali la Kongwa kuna mstari mmoja wa kituo ambao hauna kitu kuanzia Januari mpaka Machi, na chini yake maelezo mafupi kwamba kumbukumbu hazikupatikana.

Kufutwa kwa karipio la mzee kulichukua muda mrefu kuliko karipio lenyewe. Ilipita Desemba, na Januari ilikuwa inaisha, ndipo alipoitwa kuja kusaini. Waliuliza kama angependa kurudi Dodoma. Akasema hapana, Chemba ni karibu na kwao na mwaka aliobakiza si mrefu. Nilimwona kwenye korido la masjala, amevaa koti lake la kijivu la sikukuu. Nilimwamkia, akaitikia. Hakunikwepa wala hakusimama.

Baadaye dada mmoja wa masjala alinisimulia. Alisema mzee alisoma barua akiwa amesimama, akaisoma tena kutoka mwanzo, akasaini. Kisha akaomba nakala ya pili yenye mhuri. Dada wa masjala akamwambia nakala ya mtumishi ni moja, nyingine inabaki kwenye faili. Mzee akasema anajua, yeye mwenyewe alitunza nakala maisha yake yote, lakini hii ya pili si yake.

"Ni ya nani?"

"Ya mke wangu. Ndiye aliyenipeleka hospitali. Nataka aisome mwenyewe, na ikae kwake."

Wakamgongea mhuri. Aliikunja mara mbili, akaiweka mfuko wa ndani, akatoka kwenda kutafuta basi la kurudi Chemba kabla jua halijawa kali.